Shangazi Kwenye Kitanda cha Riziki

Goma, Majengo. Jumapili alasiri, mwezi wa tano.

Mvua imenyesha asubuhi yote kisha ikakatika ghafla, na sasa udongo mweusi wa uani unatoa mvuke. Kuna kibaridi. Sina hamu ya kula wala ya kufua, na kwa kuwa ni Jumapili hakuna atakayenilaumu nikikaa tu hapa mezani kuandika.

Riziki ameondoka muda si mrefu. Hakuniaga. Sufuria ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, niliyomfungia vizuri kwa kitambaa iko palepale karibu na mlango, na mfuniko wake bado una joto. Kwenye kitanda chake amelala shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, anakoroma bila wasiwasi wowote.

Yote haya nimeyapanga mimi. Nilitaka binti yangu akasirike, na amekasirika. Nimepata nilichokitafuta, na sijajisikia hivi tangu siku tulipomzika baba yake.

Niandike tangu mwanzo. Labda nikiandika nitatulia.

Riziki yuko mwaka wa sita wa sekondari. Ni finaliste, kama wanavyojiita wenyewe kwa maringo, na ukimsikia akilitamka neno hilo utafikiri ni cheo cha jeshi. Padri alimbatiza Véronique, moja ya majina ya Kizungu ambayo Serikali imetukataza, basi naliandika hapa tu ambapo hakuna anayesoma. Ni mtoto wangu wa pekee. Wawili waliomtangulia hawakukaa.

Mtihani wa Serikali ukikaribia, wafinaliste wa Goma hawalali kwao. Wanajikusanya watano au sita katika nyumba ya mmoja wao, wanalala juu ya mikeka, wanaamshana kabla ya jogoo, wanaulizana maswali mpaka sauti zinakwisha. Wanaita maquis. Ni kama wameingia msituni kupigana vita, kumbe wako Murara, hapahapa mjini, nyuma ya nyumba ya Mama Mapendo, katika chumba kilichokuwa cha kuwekea mifuko ya maharagwe. Mama Mapendo ni rafiki yangu wa parokia. Binti yake, Mapendo, ndiye chifu wa maquis: msichana mnene, mcheshi, mdomo wake haujui kufungwa.

Sheria za maquis ni kali. Mzazi haingii. Sisi akina mama tunapeana zamu za kupika. Mwenye zamu analeta sufuria, anagonga, chifu anatoka kuipokea, na mama anarudi kwake hata kama mtoto wake yuko hatua mbili nyuma ya mlango. Wanasema ukimwona mama yako, akili inarudi nyumbani. Labda ni kweli. Hakuna aliyeuliza akili ya mama inakwenda wapi.

Siku aliyoondoka nilimbebea mkeka mpaka barabarani. Alikuwa na haraka, anacheka na wenzake, na mimi nikajikaza nikacheka pia. Jioni nikapika bugali ya watu wawili. Kesho yake tena. Mkono umezoea kipimo chake, na kila nikijiambia nipunguze unga nasahau.

Riziki ana tabia ya kusoma kwa sauti huku anatembea uani, kutoka jikoni mpaka kwenye mgomba na kurudi, anakariri mambo ya kemia kama mtu anayesali rozari. Mwaka mzima nilikuwa namkemea. Mimi ni dactylo, nashinda ofisini nikipiga mashine barua za watu wengine, na jioni nataka masikio yangu yapumzike. Sasa yamepumzika. Nafungua mlango, naweka mkoba, na hakuna kinachosikika isipokuwa watoto wa jirani. Nimeanza kuwasha redio wakati wa kupika, si kwa ajili ya habari. Nataka tu kuwe na mtu anayesema ndani ya nyumba.

Halafu nikaanza kupika nje ya zamu.

Mara ya kwanza nilijidanganya kwamba sambaza zilikuwa nzuri sana sokoni, dhambi kuziacha. Mara ya pili ilikuwa sombe, majani ya muhogo. Mara ya tatu zilikuwa sambaza tena, na sikutafuta hata sababu. Nilifika Murara na sufuria yangu na kumkuta Mama Mapendo mlangoni na sufuria yake, maana ilikuwa siku yake.

"Mama Riziki," aliniambia, "leo ni zamu ya nani?"

"Yako."

"Na hii ni nini?"

"Ni kidogo tu. Ya kuongezea."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Batoto wako watatoka hapa hawawezi kupita mlangoni, alisema. Mimi nikacheka naye, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kile chumba cha nyuma. Riziki alitoka. Alikuwa amekonda uso, nywele hazijasukwa, chaki mikononi. Hakunikumbatia.

"Mama, unanipatisha haya," alisema polepole. "Bengine bananicheka."

Nikarudi Majengo na sufuria yangu. Nilikula peke yangu siku mbili zile sambaza.

Sasa niandike juu ya Lubumbashi, maana ndiyo ninayoizunguka.

Kabla ya mtihani, kila finaliste anachagua vyuo vitatu, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na préfet, mkuu wa shule, anakusanya machaguo yao na kuyapeleka. Anakusanya Jumanne hii. Baada ya hapo huwezi tena kubadili, na kile unachokiweka cha kwanza ndicho mara nyingi kinachokuchukua, ukipata pointi. Riziki atapata pointi. Katika hilo sina shaka, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu.

Anataka kusoma udaktari wa mifugo. Wengi wakisikia wanacheka: msichana, na ng'ombe. Lakini mimi nilikuwepo siku jambo hilo lilipoanza. Tulikuwa Masisi, kijijini kwa baba yake, wakati wa likizo. Ng'ombe mmoja alishindwa kuzaa. Ndama alikaa vibaya, mguu mmoja umekunjwa nyuma, na mkono wa mume wangu ulikuwa mnene mno, haupiti. Akamwangalia Riziki, ambaye alikuwa bado mtoto mwembamba wa shule ya msingi. "Nawa mikono, kuja," akamwambia. Mimi nilitaka kukataa nikachelewa. Mtoto akaingiza mkono mpaka begani, uso umeegemea ubavu wa ng'ombe, amefumba macho, na baba yake anamwelekeza kwa sauti ya chini sana: tafuta goti, shika, vuta pole, sukuma kwanza, sasa vuta. Ndama akatoka hai. Riziki akasimama pale, damu mpaka shingoni, na jioni ile tulipigana naye ili aoge.

Tangu siku hiyo hajataka kuwa kitu kingine chochote. Ukutani juu ya kitanda chake amebandika mchoro aliouchora mwenyewe, matumbo manne ya ng'ombe kwa rangi nne, mahali ambapo wasichana wengine wanabandika waimbaji. Baba yake alipokuwa anaugua kifua, alikuwa anamwita "docteur" na Riziki anaitika.

Udaktari huo haufundishwi hapa. Haufundishwi Bukavu. Unafundishwa Lubumbashi.

Kutoka hapa unapanda meli mpaka Bukavu, kisha lori mpaka Uvira, kisha meli nyingine mpaka Kalemie, kisha treni inayofika siku inayotaka yenyewe. Au ndege, kama ipo, kama ina mafuta, kama hakuna mkubwa aliyechukua viti vyote kwa ajili ya sherehe ya chama. Mtoto wa mwenzangu wa ofisini alikwenda huko. Mama yake alimwona tena alipokuwa ameshaota ndevu.

Lakini Bukavu. Bukavu ni kwetu. Kuna chuo cha walimu, wanafundisha biolojia na kemia, Riziki angefaulu hata akiwa usingizini. Unapanda meli asubuhi, unafika. Nimeliota jambo hilo kiasi kwamba naweza kuliandika lote: mimi kwenye sitaha na kikapu changu, viazi, jibini la Masisi, sabuni, na yeye ananingojea bandarini na koti lake la kijani. Likizo ya Pasaka yuko hapa. Noeli yuko hapa. Sikumkataza Lubumbashi hata siku moja. Ila kila jina la Bukavu lilipotajwa nililisifu, hewa yake, maparachichi yake, na jina la Lubumbashi lilipotajwa nilinyamaza. Mtoto anasikia ukimya wa mama yake vizuri kuliko maneno.

Jumatano ilikuwa zamu yangu, zamu ya kweli. Nilipika maharagwe na ndizi. Mapendo alikuja kupokea sufuria na, kama kawaida yake, akaanza kuzungumza kabla sijamsalimia.

"Mama Riziki, weye uko na bahati. Mutoto yako atabakia karibu. Ameweka Bukavu ya kwanza."

Nikamwuliza kama ana hakika.

"Niliona kwa macho yangu. Lubumbashi hata haiko tena. Alisema hawezi kukuacha weye peke yako mu nyumba. Alisema, mama yangu hana mutu."

Nilimshukuru. Nikatoka pale, na sitaficha: nilifurahi. Nilipita Mabanga, njia ndefu isiyokuwa na lazima, kwa sababu miguu ilitaka kutembea. Niliwasalimia watu nisiowajua. Nilinunua kipande cha kitambaa nikawaza kumshonea blauzi ya kuanzia chuo. Moyoni nilikuwa nimeshafika bandarini Bukavu na kikapu changu.

Nilikuwa nikifungua mlango wangu ndipo lile neno la mwisho liliponifikia. Mama yangu hana mutu.

Nikamkumbuka dada yangu.

Dada yangu mkubwa anakaa Bukavu na mama yetu. Alikuwa na nafasi ya kwenda kusomea uuguzi kwa masista mbali huko, baba yetu alipofariki akaikataa, akabaki. Hakuna aliyemlazimisha. Parokia nzima inamsifu. Nilikuwa huko Noeli iliyopita, nikawaangalia kwa siku chache. Anamwogesha mama, anamlisha, anamgeuza kitandani kwa mikono laini kabisa, na hamsemeshi. Mama anamwuliza kitu, anajibu ndiyo au hapana, anaendelea na kazi. Si chuki. Chuki ingekuwa na kelele. Nilipomwuliza mama kama anatunzwa vizuri alisema ndiyo, kisha akageuza uso ukutani.

Nilikaa juu ya kitanda cha Riziki, chini ya yale matumbo manne ya ng'ombe, na furaha yangu yote ikachacha.

Sitaki kuogeshwa hivyo.

Wala sitaki binti yangu awe mwalimu wa kemia anayetazama nje ya dirisha kila ng'ombe anapopita.

Alhamisi niliomba ruhusa ofisini nikaenda Murara mchana, bila sufuria. Nilimwita Riziki, tukasimama kando ya ukuta wa mawe. Nikamwambia waziwazi: andika Lubumbashi ya kwanza, mimi nitakuwa sawa, nina kazi, nina parokia, nina majirani. Niliyapanga maneno hayo njiani na nadhani niliyasema vizuri.

Alinitazama kwa huruma. Mtoto wa miaka kumi na saba ananitazama kwa huruma.

"Mama, weye unaleta chakula kila siku. Hapa ni Murara tu. Nikiwa Lubumbashi utaleta na nini?"

"Hiyo ni mambo yangu."

"Nimeisha kuamua. Bukavu iko muzuri. Hata biologie naipenda." Akanigusa mkono. "Acha tu, mama."

Akarudi ndani. Nikabaki na ule ukuta. Sufuria zangu zote zilikuwa zimekwisha kutoa ushahidi kabla yangu, na nani atamwamini mtu anayesema ameshiba huku analamba kidole? Ningeweza kuapa mbele ya altare, asingeniamini. Na angekuwa na haki, maana nilikuwa nasema uongo.

Basi maneno hayakufaa. Ilibidi nyumba yenyewe imwambie.

Upande wa mume wangu, mjane haachwi peke yake. Baada ya mazishi wakwe zangu walikaa kikao, wakasema atakuja mtu wa kukaa nami, na mtu huyo angekuwa Shangazi Kanyere, huyu anayekoroma sasa. Nilikataa kwa heshima. Nilisema, nina Riziki. Kila mwaka waliuliza tena, kila mwaka nikajibu hivyohivyo. Ukweli ni kwamba nilimwogopa huyu mama. Anasema kila kitu kinachopita kichwani mwake. Anavuta tumbaku puani na kupiga chafya mpaka kuku wanakimbia. Siku ya harusi yangu alinishika kiuno mbele ya watu akauliza kama kwetu Bukavu hawali.

Ijumaa asubuhi nilimpa ujumbe dereva wa lori anayekwenda Masisi kuchukua kabichi. Mwambie Shangazi Kanyere namwomba aje. Mwambie aje na vitu vyake.

Hakungoja hata kufikiri. Jana, tumemaliza Salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, nafuta matope kwenye magoti, lori likasimama barabarani, na huyo anashushwa kutoka juu ya kabichi, kikapu kimoja, kuku mmoja, na kibuyu cha mashanza, yale maziwa ya kuganda ambayo Riziki anayanywa bila kupumua. Alizunguka nyumba kama mtu wa kodi. Akafunua sufuria.

"Mama, hii bugali ni ya nani? Ya muzee hana meno?"

Nikasema nitaikaza. Akaketi, akavua viatu, akauliza atalala wapi. Nikamwonyesha kitanda cha Riziki.

"Na mutoto?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimweleza yote: ng'ombe, Lubumbashi, Bukavu, Jumanne. Nilimweleza kwamba maadamu nyumba hii ina nafasi tupu ya Riziki, Riziki hataondoka; na kwamba nafasi hiyo nataka ijazwe, ijae kabisa, asione hata pa kuweka mguu. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Ataniona mimi ndio mubaya," alisema mwishoni.

"Hapana, shangazi. Mubaya nitakuwa mimi."

Alipiga chafya, akapangusa pua kwa ncha ya kikwembe alichojifunga.

"Ng'ombe zangu nimeachia mutoto wangu," akasema. "Hajue hata kukamua. Nimekuja juu ya ndugu yangu, usifikiri nimekuja juu ya bugali yako."

Kisha akasimama, akatoa vitabu vya Riziki juu ya kile kitanda, akavipanga ndani ya katoni, taratibu, kimoja kimoja, na mimi nikatoka uani kwa sababu sikuweza kuangalia.

Leo, baada ya misa, Riziki alikuja kuchukua nguo safi. Nilijua atakuja. Tangu asubuhi nilikuwa nikijifunza uso wa kumpokea nao.

Aliingia akiita "mama" kutoka nje, kama anavyoita siku zote. Akasimama kwenye mlango wa chumba. Shangazi alikuwa ameketi katikati ya kitanda, miguu juu, kikwembe chake kimetundikwa ukutani juu ya matumbo ya ng'ombe, kikapu kwenye mto. Harufu ya tumbaku nyumba nzima.

Riziki alimsalimia kwa heshima, kwa magoti, kama baba yake alivyomfundisha. Kisha akanigeukia.

"Vitu vyangu viko wapi?"

"Mu katoni. Chini ya meza."

"Shangazi atarudi siku gani?"

"Harudi. Amekuja kukaa na mimi."

Aliangalia kitanda, akaangalia katoni, akaniangalia mimi. Nilikuwa nachambua mchele. Niliuchambua vizuri sana.

"Na mimi ku vakansi ya Noeli nitalala wapi?"

"Tutaona," nikasema.

Nimeyasema maneno mengi makali maishani, kwa mume wangu, kwa wauzaji sokoni, kwa mkuu wangu wa ofisi mara moja. Hakuna lililonitoka gumu kama hilo neno moja. Nililitamka bila kuinua macho, kwa sababu ningeyainua kila kitu kingekwisha.

Shangazi alimwitia mashanza. Alimimina kikombe, akamnyoshea huku ananitazama mimi, hakujua kuigiza vizuri. Riziki alisema asante, sina njaa. Huyu mtoto hajawahi kukataa mashanza tangu aote meno. Alikunja nguo zake. Akanyosha mkono nyuma ya kile kikwembe, akabandua mchoro wake, polepole ili usichanike, akauviringisha.

Mlangoni alisimama, mgongo kwangu.

"Basi nitaandika Lubumbashi."

"Andika."

"Ya kwanza."

"Nimesikia."

Alingoja. Sijui alingoja nini; la, najua. Mchele ulikuwa umeshachambulika zamani, nikaendelea kuuchambua. Akaondoka. Nilisikia viatu vyake kwenye mawe, kisha kicheko cha watoto wa jirani, kisha hakuna tena. Ndipo nikaiona sufuria ya sambaza.

Niliinuka kumkimbilia nayo. Hilo naliandika ili nisije nikajisifu baadaye. Nilifika mpaka langoni, sufuria mkononi, jina lake limefika kwenye meno. Shangazi alinishika mkono kutoka nyuma, na ana mikono ya mkamuaji, huwezi kuponyoka.

"Wacha aende nayo ile hasira," akasema. "Ni ya baba yake. Inafikaga mbali."

Tukarudi ndani. Akanilazimisha niketi, akala, akaisema bugali tena, akalala. Nami nimekaa hapa. Redio iko pale, sijaiwasha.

Najua bado anaweza kunitoroka. Riziki ana roho nyepesi. Akikasirika leo, kesho anaanza kunitafutia sababu: mama alikuwa amechoka, mama alionewa na wakwe, mama hakumaanisha. Amekuwa hivyo tangu mdogo. Atakumbuka uso wangu, na yeye ndiye mtu pekee duniani anayejua uso wangu ukisema uongo unakuwaje. Kesho anaweza kuja hapa mbio kutoka Murara, anikute peke yangu jikoni, aniulize tu, mama, ni nini? Sitakuwa na mchele wa kuchambua. Nitamwambia. Na akijua, atafuta Lubumbashi yake na kuandika Bukavu, kwa upendo, na mimi nitaanza kuogopa uzee wangu.

Siku moja nitamweleza. Nitamwandikia atakapokuwa amekwisha kuzoea huko, ana marafiki, ana harufu ya mazizi kwenye koti lake. Au nisimwandikie, nimwachie anione mbaya kidogo. Sijui kipi kinamfaa mtoto zaidi. Sijui hata kama nimefanya vema. Ninachojua ni kwamba natamani arudi sasa hivi, aingie na matope yake, anywe kikombe chake cha mashanza kilichobaki pale mezani, na akae.

Misa ya asubuhi sikusali, midomo tu ilikuwa inakwenda. Basi nisali hapa kwa kalamu, kisha nikaoshe vyombo.

Ee Mungu, mfanye binti yangu anisamehe. Lakini si kabla ya Jumanne.